Chaneli ya Nne

...wala si kwa redio yangu, yangu ina mluzi wake, nikigusa tu kitufe cha maiki wanachama wote watasema huyo ni mjane wa fundi minara, kwa hiyo ni hii hii ya marehemu, iliyotoka kwenye gari, niliyoifungia sandukuni miaka miwili na matope yake, leo nimeipa umeme na kioo kimewaka, haya, wewe angalau umepona, nami nimekaa kwenye kiti chake, kidole gumba kiko tayari, kilichobaki ni kumfikia Mwenyekiti pale alipo, saba elfu na sabini, masafa ya chama chetu cha redio ambayo ameyageuza sebule yake, anakaribisha, anaaga, anacheka peke yake, na asubuhi hii ana wakubwa wa idara ya maafa wamekaa nyumbani kwake wanamtazama akiendesha majaribio, akifaulu chama kitakabidhiwa kazi ya kupokea wito wa dharura wa wilaya nzima, yeye, wito wa dharura, yeye huyu, jamani, leo nitakula naye sahani moja, nitabonyeza na kushikilia, niyazibe masafa nusu saa nzima, asisikike, wanachama waitike wasisikike, mpaka yule mkubwa aangalie saa na kuomba ruhusa ya kuondoka, ili aone utamu wa kuita watu na kukosa mtu...

"Mwanangu, chai inapoa," mama mkwe huyo, jikoni, nakuja mama, nakuja... ila hiki kitufe kikubwa cha kuzungusha kina mchanga, nazungusha kidogo kinaruka, nampita, sauti yake inakuwa ya bata, narudisha, sasa ng'ombe, zungusha tena, bata, ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka machozi, basi niandike tarakimu, saba, sifuri, sifuri haiingii, imekufa kabisa, na masafa yale yana sifuri mbili, kuna vitufe vya kupanda na kushuka hapa juu ya maiki lakini kila mbonyezo ni hatua moja ya sisimizi, nitafika wageni wameshakula wameondoka... na alivyo na uso mkavu, alikuja msibani kwangu, akaketi mkekani, akasema, "Shemeji, naapa, sikumsikia," hukumsikia vipi na wewe ndiye uliyekuwa hewani asubuhi nzima, kila mtu wa redio anafundishwa siku ya kwanza, mwenzako akimaliza kusema hesabu moja mbili tatu kabla hujabonyeza, huenda kuna mtu ana shida anatafuta upenyo, wewe hukuwahi kuhesabu hata moja, mwenzako hajafunga mdomo wewe umeshaufungua wako, na mume wangu yuko bondeni, gari limembana mguu, simu haina mtandao kwa sababu mnara wenyewe ndio aliokuwa anaenda kuutengeneza, ana redio tu, walimkuta kesho yake maiki iko mkononi, waya umevutika, betri imekauka, ameita mpaka betri imekauka, na wewe unasimulia antena yako mpya, muuaji, nilimwambia hivyo mama mkwe na mama mkwe hajaitikia salamu yako tangu siku hiyo, anavuka barabara akikuona, mwanamke wa miaka sabini na tano na magoti yale...

Chaneli, si nina chaneli, kumbukumbu ya redio haijali mchanga, chaneli ya nne, niliiweka mwenyewe usiku wa kuamkia safari yake ile, alikuwa anakunja kamba zake sakafuni akasema niwekee masafa ya chama mahali pamoja, nibonyeze mara moja tu, wewe ndiye mwenye vidole vyepesi, haya, nne, huyo hapo, saba elfu na sabini kwenye kioo, sauti safi kama ameketi hapa, "...tunaendelea na kituo kinachofuata," endelea baba, endelea, nakujaribu kidogo tu, mguso mmoja, nione kama redio inarusha... inarusha, taa nyekundu imewaka, lakini kioo kimefanya nini, tarakimu zimeruka, nimeachia zimerudi, ngoja, niguse tena, saba elfu mia moja na sabini, naachia, saba elfu na sabini, mia moja na sabini, sabini, nasikiliza hapa ninarusha kule, kwa nini nirushe kule, nani aliweka... usiku ule redio hii ilikuwa juu ya meza hii, yangu ilikuwa imeharibika, nikaitumia kumwita yule wa mbali, kituo cha kisiwani, watu wengi walikuwa wanamgombea, akasema nisikilizeni hapa nijibuni juu kule, nikatenganisha, kusikiliza huku, kurusha kule, nikampata, nikaruka kwa furaha, mume wangu akacheka, akasema haya niwekee na yangu nilale, nikaandika masafa ya chama upande wa kusikiliza, nikahifadhi nne, na upande wa kurusha... sikuuangalia, sikuurudisha, nilikuwa bado nina furaha ya kisiwa.

Alimsikia. Asubuhi nzima mume wangu alimsikia Mwenyekiti na antena yake, sauti safi kama hivi, akawa anaita mahali pasipo na mtu, akidhani wanamsikia na kumpuuza, amekufa akidhani hivyo, na yule mkekani alisema kweli, naapa, shemeji, sikumsikia... kitufe cha kuunganisha pande mbili kiko hapa kushoto, mguso mmoja tu na nitarusha pale pale alipo, bado naweza kumvuruga, wageni bado wapo, hasira yote ninayo na sina pa kuipeleka, na sasa amenyamaza, amesema, "Nasimama kidogo, mwenye dharura aingie," moja, mbili, tatu, nne, tano, tangu msiba anafanya hivi kila siku nami nikisema anajionyesha kwa watu, sita, saba, kimya kinavuma, na kandambili za mama mkwe zinakuja na kikombe, zimesimama mlangoni, anauliza polepole kama anavyouliza siku zote akiona taa ya redio, "Yule muuaji yumo humo?" na kidole changu bado kiko juu ya maiki, sijabonyeza, sijaondoa, yumo mama, yumo, amekalia kiti cha mwanao.