Kaburi la uani kwa Somoe

Haya kanihadithia Zuleica, mjukuu wa marehemu dada yangu, Idi iliyopita, tumekaa jikoni tunakuna nazi. Alikuja likizo kutoka fakuldade, chuo kikuu kule Maputo, anakosomea kumtambua mtu kwa mifupa yake.

Alipofika alimkuta mama yake mdogo, Somoe, anapakwa hina. Ijumaa ilikuwa aolewe na Mudi, muuza vitenge wa Mtwara. Somoe alikuwa mjane. Siku zile za kukimbia vita, mumewe Husseni, fundi seremala, alikataa kuondoka. Watu waliporudi kijijini, Husseni hayupo, na uani kwake kuna kaburi, limechimbwa vizuri, limeelekezwa kibla. Nani kalichimba? Kijiji kilikuwa kitupu, hata kuku hakuna. Watu wakasema, ndiye huyo. Somoe akakaa eda, hitima ikasomwa, yakaisha.

Sasa mvua ikalibomoa kaburi lile, mifupa ikaonekana. Mwalimu Muzamil wa msikitini akaamua azikwe upya hapohapo uani, juu kidogo, pasipofika maji. Akamwita Zuleica aikusanye, usibaki hata wa kidole. Zuleica alijua kazi hii ni ya watu wa serikali, ila wingu jeusi lilishapanda tena.

"Daktari wa wafu!" Cassimo, ndugu yake Husseni, akamtania kutoka kwenye shimo jipya. "Usimpige sindano akaamka, harusi ikavunjika!"

Somoe akacheka pale mlangoni, mikono kaiweka mbali na nguo, hina haijakauka.

Zuleica akashuka, akatoa kwanza mbao za kufunikia maiti. Akaokota miguu, akaokota mbavu, akaweka juu ya sanda. Alipoinua nyonga, akaigeuza mara mbili. Pana. Profesa Lourenço huwaambia, mfupa mmoja usiuamini, uulize na mwenziwe. Akachukua fuvu, akapitisha kidole juu ya matundu ya macho: laini, halina ukingo. Taya jembamba. Akaiuliza yote, na yote ikamjibu jibu moja.

Akamtazama mama yake mdogo. Akinyamaza, Ijumaa ndoa inafungwa, nani atajua? Akisema, Somoe si mjane tena, ni mke wa mtu asiyejulikana aliko. Akafunga sanda, akawaashiria wainue.

Wanaume wakainua. Cassimo, mle shimoni, akanyoosha mikono kupokea. Hapo Zuleica akahisi kama kuna mtu kasimama nyuma yake, karibu kabisa, anaona haya.

"Shikeni shuka," akasema.

Kwetu, shuka hushikwa juu ya kaburi anaposhushwa mwanamke, macho ya wanaume yasimfikie.

"Husseni ndiye wa kushikiwa shuka?" Cassimo akauliza.

"Toka humo, baba Cassimo. Huyu si ndugu yako."

Mwalimu akashuka mwenyewe na uzee wake. Shuka ikashikwa.

Walipomaliza, Somoe akazifuata zile mbao zilizomfunika maiti katika kaburi la kwanza. Akafuta tope kwenye moja, hina yote ikavurugika.

"Hizi mbao za kitanda changu," akasema. "Nilidhani kimeibwa. Tazama kona zilivyolainishwa. Huu mkono wa Husseni."

"Kwa hiyo yeye ndiye kazika," Zuleica akasema. "Kamzika nani, mama mdogo?"

"Nitamjuaje? Nimemlilia mpaka macho yakavimba, na jina lake silijui."

Akamtuma mtu kwa Mudi: ndoa hakuna.

Baada ya isha Zuleica na Somoe wakalala mkeka mmoja. Mvua ilishapita. Ndipo Zuleica akasikia maji yanamwagwa uani, polepole, juu ya mchanga, kama anavyomwagiliwa mtu aliyezikwa leo.

"Mama mdogo, unasikia?"

"Nasikia."

"Nani huyo?"

"Mwache amalize alichokianza," Somoe akasema, akageukia ukutani. Muda si muda akaanza kukoroma, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Zuleica alitaka kuinuka achungulie. Hakuthubutu. Akajifunika kanga mpaka utosini, akasoma kila sura anayoijua, na huko nje maji yakiendelea kumwagika, mpaka aya zikaanza kumchanganyikia mdomoni, naye usingizi ukamchukua.