Mbwa wa Ukurasa wa Tisa

Edvina, mwalimu wa Kashai, alikuwa ameandika na kuchora kitabu cha kuwafundisha watoto kuwahurumia wanyama. Katika ukurasa wa tisa msichana alimpa maji mbwa aliyepotea, na mbwa akamlamba mkono.

Miezi mitatu baada ya shule moja ya Kanazi kugawiwa vitabu hivyo, alisikia kwamba mwanafunzi wa miaka saba, Joyness, amefariki kwa kichaa cha mbwa. Akaenda msibani.

Mama wa marehemu, Immakulata, alimpokea kibanjani, kwenye shamba la migomba lililozunguka nyumba. "Alimpelekea maji mbwa mgeni kule migombani," alisema. "Alipong'atwa alificha, akiogopa tutamuua mbwa wake. Tulipojua, daktari akasema tumechelewa."

Edvina akapiga magoti. "Mama, kitabu nilikiandika mimi."

"Najua. Jina lako liko kwenye jalada."

Akaomba apewe nakala ya mtoto akaichome. Immakulata akakataa. "Ukiichoma, mwanangu atafufuka? Nenda ukawaambie wenzake kile ambacho hukumwambia yeye."

Jumatatu Edvina alikaa katika darasa la Joyness na vitabu arobaini, akaandika kwa kalamu chini ya kila picha ya mbwa: Mbwa usiyemjua usimsogelee. Ukiumwa, sema siku hiyo hiyo. Watoto wakasoma kwa sauti.

Judica, aliyekuwa rafiki wa Joyness, akanyanyuka na kupandisha sketi yake hadi gotini.

"Mwalimu, yule mbwa aliniuma mimi pia."

Edvina alimbeba mbio hadi kwenye bodaboda, asijue kama wangewahi.