Mstari wa Barieri

Barieri ya Rumonge, kizuizi cha jeshi barabarani, ilikuwa mwanzi mmoja mrefu, umefungwa jiwe upande wa shina ili uinuke kwa urahisi. Kila asubuhi ya mwezi wa sita, mwaka 1972, watu waliokuwa wakienda Bujumbura walishuka kwenye kamio, yale malori ya abiria na mizigo, kabla ya kuufikia, wakajitwika mizigo yao na kupanga mstari kando ya barabara. Wanawake walibeba makapu ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na bidoni, madumu ya mafuta ya mawese. Kaporali Roger alikaa kwenye kiti cha shule chini ya bati, akaitazama karte ya kila mtu, kitambulisho chake, mbele na nyuma. Aliyerudishiwa karte alipita. Aliyeambiwa asimame pembeni alisimama pembeni, na wenzake walipita bila kugeuza shingo.

Siku ya Alhamisi, wale waliokuwa wamesimamishwa pembeni mwezi wa tano walirudi na kujiunga na mstari.

Walitokea upande wa michikichi, mmoja nyuma ya mwingine. Walivaa nguo zilezile walizopandishwa nazo kwenye kamio za jeshi, na vumbi jekundu lilikuwa limewaganda mpaka kwenye nyusi. Mikono yao ilikaa nyuma kama ya watu waliofungwa, ingawa hapakuwa na kamba. Kamba zilikuwa zimekusanywa ili zitumike tena. Hawakumsukuma mtu wala kuomba kupishwa. Kila mmoja alingoja zamu yake, na wa kwanza alipofika mbele, Kaporali Roger alimwomba karte.

"Mnayo ninyi," alisema yule mtu.

Ilikuwa kweli. Karte zao zilikuwa kwenye sanduku la sabuni, chini ya kiti cha kaporali. Kaporali hakuinama. Alisema asiye na karte arudi nyuma, na yule mtu akarudi mpaka mwisho wa mstari, akaanza kungoja upya. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Kesho yake waliwahi kufika kuliko wauza samaki.

Watu waliwazoea upesi. Waliwatambua, wakawaamkia, wakawapa habari za nyumbani. Kilichowaudhi ni kuchelewa. Safari ya Bujumbura, ambayo zamani mtu aliimaliza kabla ya adhuhuri, sasa ilimkuta magharibi bado yuko Rumonge. Cirhuza, dereva wa kamio mwenye asili ya Bukavu, ndiye aliyekwenda kulalamika, maana samaki wake walianza kunuka.

"Shefu," alisema, "hawa wafu wako wananiozeshea samaki. Uwapangie mustari yao."

"Wafu gani?" kaporali aliuliza. "Hapa hakuna mutu amekufa. Kama iko mutu amekufa, ningepewa habari."

Cirhuza alimtazama mtu aliyekuwa mbele yake, ambaye kisogoni alikuwa na tundu lililopitisha mwanga.

"Basi hawa wazima wako," alisema.

"Hao hawana karte. Rudi kwenye nafasi yako."

Cirhuza alirudi kwenye nafasi yake. Jioni aliwagawia wanawake wa sokoni samaki wote.

Kulikuwa na amri nyingine siku hizo. Tangu vita vya mwezi wa nne, watu wasizidi wanne mahali pamoja. Msikitini waliingia wanne wanne, na waliobaki nje walisimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Harusi zilizuiwa, na hitima pia. Mtoto akizaliwa, mkunga na bibi waliingia, shangazi akangoja barabarani. Mstari wa barieri peke yake haukuhesabiwa kuwa mkutano, kwa kuwa serikali yenyewe ndiyo iliyouamuru.

Zuwena alikuwa mke wa Alimasi, fundi wa karabai, zile taa za kupampu ambazo wavuvi huzitundika mitumbwini kuvutia ndagala. Alimasi alikuwa ameondoka kwenda Bujumbura kutafuta soksi za taa, vile vifuko vyepesi vya kitambaa vinavyowaka ndani ya kioo, akasimamishwa pembeni, akapandishwa kwenye kamio. Zuwena alimwendea Mwalimu Uledi wa msikitini kumuuliza aanze lini eda. Mwalimu alimjibu kwa huruma kwamba bila maiti, au bila Waislamu wawili waadilifu walioshuhudia kifo, yeye bado ni mke wa msafiri. Hawezi kukaa eda, na mume wake hawezi kusomewa hitima. Angoje.

Alimasi alipoonekana kwenye mstari, Zuwena alichukua kapu la ndagala ambazo hakukusudia kuziuza, akaenda kusimama nyuma yake. Akafanya hivyo kila asubuhi. Alimasi bado alinuka mafuta ya taa. Aliuliza kama Shafii alikuja kuchukua karabai yake. Zuwena alisema alikuja, ila hana kazi nayo, kwani usiku hakuna anayeruhusiwa kwenda ziwani. Alimasi alisema ile pampu haikuwa mbovu, ilikosa ngozi tu. Waliongea hivyo mpaka mbele, na Alimasi aliporudishwa, Zuwena alimfuata. Tangu waoane hawakuwahi kukaa mchana kutwa pamoja.

"Nimechoka kusimama," Alimasi alimwambia siku moja.

"Kaa basi. Nitakushikia nafasi."

"Magoti hayakunjiki. Tena anayelala ni maiti, Zuwena. Sisi bado ni watu wasio na karte. Mwambie Mwalimu akuweke eda. Ikishajulikana kwamba nimekufa, nitalala."

Zuwena alijifanya hajasikia. Alijua mwanamke wa eda hukaa ndani miezi minne na siku kumi, wala haendi kusimama barabarani nyuma ya mwanamume. Kwa muda alimletea mumewe hadithi nyingine, za mbuzi wa jirani na za bei ya chumvi, na Alimasi alizisikiliza zote kwa adabu. Kisha asubuhi moja Zuwena aliangalia chini, akaona visigino vya mumewe. Kwa kwenda na kurudi kwenye changarawe vilikuwa vimelika mpaka mfupa, na mfupa wenyewe ulianza kuchongoka.

Siku ileile alikwenda kwa Mwalimu Uledi kumwambia kwamba walioona kifo cha Alimasi wapo, wanasimama naye mstarini.

Mwalimu alivifungua vitabu vyake. Hakuona mahali palipokataza maiti kutoa ushahidi, pengine kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Tatizo lilikuwa amri. Yeye, Zuwena na mashahidi wawili wangetimia wanne, lakini Alimasi angekuwa wa tano. Akaenda barieri kumuuliza kaporali kama hawa waliorudi wanahesabiwa.

Kaporali alifikiri kwa muda mrefu. Akisema wanahesabiwa, watakuwa wakifanya mkutano. Akisema hawahesabiwi, atakuwa amesema wamekufa.

"Mwalimu, usinitafutie kazi," alisema mwishowe. "Mutu akitaka kuongea, aongee kwenye mustari. Mustari si mukutano."

"Murakoze, shefu," alishukuru Mwalimu, akaenda kuwaambia wote wapange mstari.

Kesi ilifanyika asubuhi iliyofuata. Alimasi alisimama mbele, nyuma yake Zuwena, kisha Mwalimu Uledi na kitabu chake, kisha mashahidi, nao pia wa wale waliorudi: Feruzi, mchimba visima, na Asmani, aliyekuwa na kinu cha mawese. Mkewe Asmani, Mwamini, alisimama nyuma kabisa na bidoni tupu, kwani yeye naye alikuwa amezoea kumfuata mumewe. Iliwabidi wamalize kabla Alimasi hajafika mbele na kurudishwa, kwa hiyo Mwalimu aliuliza maswali huku anatembea.

Alianza na uadilifu wao. Feruzi alisema alikuwa akiswali swala zote. Asmani alikiri kwamba alfajiri ilikuwa ikimpita, hasa msimu wa mawese. Mwamini alisema kwa sauti ndogo kwamba wa kumwamsha alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyemwachia alale. Mwalimu akalipitisha.

"Feruzi, ulimwona Alimasi anakufa?"

"Nilimwona. Tulipigishwa magoti kando ya shimo, huko kwenye michikichi. Alikuwa wa kwanza upande wangu. Alianguka akiwa ameshika mfuko wa soksi za karabai."

"Asmani, nawe uliona?"

"Niliona. Mfuko ulipasuka, zile soksi zikapeperuka kama nondo."

Mwalimu alisema ushahidi umetimia. Akamwambia Zuwena kwamba tangu saa ile yeye ni mjane. Zuwena alikitazama kisogo cha Alimasi, akasema amesikia.

Mwamini alisogea mbele. Alimwomba Mwalimu, kwa kuwa wote wapo, amweke eda na yeye.

Mwalimu alimuuliza Feruzi kama alimwona Asmani anakufa. Feruzi alisema hapana, yeye alitangulia. Mwalimu akamuuliza Asmani ni nani aliyemwona.

"Mimi nilikuwa wa mwisho," alisema Asmani. "Waliobaki wazima walikuwa maaskari."

Mstari ulisogea. Walikuwa wamefika mbele. Mwamini aliweka bidoni yake chini, akamwambia Kaporali Roger kwamba ametafuta shahidi wa mume wake na aliyebaki ni yeye kaporali tu. Hakuinua sauti. Alisema anamwomba neno moja, na si lazima aliandike.

Kaporali aliutazama mwanzi.

"Hapa hakuna mutu amekufa," alisema. "Karte."

Baada ya kesi hiyo watu walitambua faida ya mstari. Fatuma, binti wa muuza chumvi, aliolewa kati ya makapu mawili, na ubani ulichomwa ndani ya kopo. Watoto walipewa majina humo. Wazee walijadili ardhi huku wanajongea, na walipofika mbele walionyesha karte, wakapita, wakazunguka nyuma ya soko na kurudi mwisho. Hitima ya Alimasi ilisomwa kwenye mstari, naye mwenyewe akiwamo, akiitikia amina. Zuwena hakuwapo. Alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe, akisikiliza honi za kamio.

Alikaa miezi minne na siku kumi. Wanawake walimtembelea watatu kwa wakati. Hakuwauliza habari za barieri, nao hawakumpa. Alijua Alimasi amelala, na usiku yeye mwenyewe alilala upande wake wa kitanda, amenyooka, ili asimsumbue.

Eda ilipokwisha, mvua zilikuwa zimeanza. Zuwena alioga, akavaa kitenge cha maua, akachukua chupa ya mawese. Alitaka mtu wa michikichi amwonyeshe lilipo shimo, amwagie mafuta pale ambapo miguu ingekuwa. Ili kufika huko ilibidi apite barieri.

Mwanzi ulikuwa umeondolewa. Badala yake kulikuwa na bomba la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na Kaporali Roger alikuwa sasa sajini. Mstari ulifika mpaka sokoni. Zuwena alishika nafasi yake mwisho, akainua macho. Mtu aliyekuwa mbele yake alinuka mafuta ya taa.

Alimasi aligeuza shingo nusu, akamwona, akateremsha macho.

"Amahoro, mama," alisema, kama mwanamume anavyomsalimu mke aliyeachika kwake.

"Amahoro," alijibu Zuwena. "Nilidhani umelala."

"Mwalimu alifanya yake. Karte bado wanayo."

Zuwena alirudi nyuma hatua moja, akaacha nafasi inayofaa kati ya mwanamke na mwanamume wasio na jambo pamoja. Ile chupa aliishika kwa mikono miwili. Visigino vya Alimasi havikuwapo tena, na alitembelea nchani mwa mifupa, taratibu, kama mtu anayevuka tope. Mbele yao kidogo Mwamini alikuwa akimpangusa Asmani jasho la vumbi shingoni kwa ncha ya kitenge. Alimpangusa hata masikioni, kisha akamnyoosha kola. Hakuna aliyeweza kumkataza. Alikuwa mke wa msafiri.

Mvua ndogo ilinyesha ikapita. Jua lilikuwa limeshaelemea upande wa ziwa walipofika mbele.

"Karte," alisema sajini.

"Mnayo ninyi," alisema Alimasi.

"Nyuma."

Alimasi aligeuka, akampita Zuwena bila kumgusa. Zuwena alitoa karte yake. Sajini aliitazama mbele na nyuma, akamuuliza mume wake yuko wapi, kwani hapa imeandikwa ana mume.

"Amekufa," alisema Zuwena. "Iko mashahidi wawili."

"Hapa hakuna mutu amekufa," alisema sajini, akamrudishia karte, akainua bomba.

Barabara ya michikichi ilikuwa wazi mbele yake. Zuwena aliitazama kwa muda, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba anawachelewesha. Kisha aligeuka na chupa yake, akarudi mwisho wa mstari, nyuma ya Alimasi.