Abiria wa Kiti cha Katikati

Watu wakiliona gari barabarani hudhani lilizaliwa hivyo hivyo, na taa zake na honi yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari hili la kwetu, la familia, si dogo si kubwa, lilituchukua miaka ya kuchora, kubomoa na kugombana, na katika kugombana hakuna aliyenifikia. Mimi ni mhandisi wa viti na mikanda. Karakana nzima inaniita Mama Viti, na jina hilo silichukii, maana rangi humvutia mtu mlangoni tu. Akishaketi ndipo anajua kama amenunua gari au amenunua bati.

Gari lilikuwa moja, lakini lilipangwa kuuzwa kwa sura tatu. Ofisini waliziita kwa herufi. Sisi wa karakanani tulizipa majina. Wa Baridi angekwenda nchi za theluji, akiwa na betri kubwa na viti vinavyopashwa joto. Wa Mbio alikuwa wa nchi zenye barabara pana, amelala chini kidogo, usukani umehamia upande wa pili. Wa Nyumbani alikuwa wetu: ameinuliwa tumbo asikwaruzwe na mawe, springi ngumu, rejeta kubwa, kiyoyozi kinachopuliza mpaka nyuma. Huyo ndiye niliyempenda, kama mzazi anavyompenda kitindamimba wake hata akijidai hana upendeleo.

Siku moja mkuu wa mradi akatuita. Yeye tunamwita Kalenda. Ukimwambia kwamba mke wako amejifungua, atakupa hongera, kisha atakuuliza kama utakuwa umerudi kazini kabla vyuma havijaanza kukatwa. Alitangaza kwamba kiti cha nyuma, pale katikati, Wa Baridi na Wa Mbio watabaki na mkanda kamili, ule unaopita begani na kiunoni. Wa Nyumbani atapewa wa kiunoni tu.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Sheria ya huku haitulazimishi. Fremu ya kiti itakuwa nyepesi. Halafu, Mama Viti, hakuna mtu anayekaa pale."

Akawasha ukutani mchoro wa safu za vipimo. Tulikuwa tumeziazima familia kadhaa magari ya majaribio, kila kiti kikiwa na kipimo chini yake kinachotambua mtu akiketi. Safu ya dereva ilipanda juu. Ya abiria wa mbele ikapanda, na za madirishani nyuma nazo zikapanda. Safu ya katikati ilikuwa haipo kabisa, pamebaki mstari umelala sakafuni.

"Watu wa huku hawakai katikati?" nilisema. "Hawa hawa ninaowajua mimi? Wakienda kumtazama mgonjwa hospitali hujazana hata vioo vinatoka jasho!"

"Vipimo havina ndugu," alijibu Kalenda. "Wiki ijayo tunatia saini. Baada ya hapo vyuma vinakatwa, na maji yakimwagika hayazoleki."

Nilitoka pale nimefura. Mkanda wa kiunoni peke yake humshika mtu nyonga na kumwachia kichwa na kifua viende vinakotaka. Nimeona majaribio mengi ya kugonga, na jambo hilo haliniachi nilale usingizi. Lakini hasira si hoja, na hoja sikuwa nayo.

Jumapili nikaenda kwa mdogo wangu kunywa chai na kulalamika. Familia yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizoazimwa gari, kwa sababu kampuni haikutaka mtambo wa siri uende kwa watu baki, ikachagua ndugu wa wafanyakazi. Ana watoto watatu. Wawili wa kwanza wameshaanza kurefuka, na wa mwisho ni binti mdogo tunayemwita Kifungo, kwa kuwa ni mviringo, na ukimhitaji humwoni.

Siku hiyo nilimwona. Watoto walikuwa wamepanga viti vya sebuleni wakafanya gari. Kaka aliendesha kwa sahani, dada akaketi pembeni yake, mito ikawa abiria wa nyuma. Kifungo alisimama kando ya kabati, ameinua mkono, anawapungia.

"Mbona wewe hupandi?" nilimuuliza.

"Mimi ni wa kubaki, Mama Mkubwa," alisema, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja kazi yake.

Mdogo wangu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Amezoea kubaki tangu ile miezi ya gari lenu."

"Alizoea vipi?"

"Dada, si lile sanduku lenu? Lilikaa katikati pale nyuma. Tukitoka wote, nafasi haipo. Na shemeji yako hataki kusikia habari ya kupakata mtoto garini, anasema wewe ndiye uliyemfundisha kwamba ni hatari. Basi Kifungo tulikuwa tunamwacha kwa jirani. Siku za mwanzo alilia sana. Baadaye akawa anatupungia kabla hata hatujamuaga."

Chai ilinipalia. Mdogo wangu alinipiga mgongoni akidhani ni moto wa chai.

Sanduku! Nililijua vizuri; kila gari la majaribio lilikuwa na lake. Lilikuwa la kurekodi vipimo vyote vya viti, zito, limejaa nyaya, na fundi wa vipimo alilifunga katikati ya kiti cha nyuma kwa sababu hapo nyaya za kila upande zilifika bila kuvutwa. Kisha, kama ilivyo kawaida ya karakana yetu, alikiamuru kipimo cha pale kisilihesabu, maana sanduku si mtu. Wenyewe tulikikalia kiti, halafu tukapeleka habari ofisini kwamba hakikaliwi. Niliona aibu kwa niaba ya kampuni nzima. Baada ya aibu ikaja hasira, na hiyo ndiyo iliyoketi.

"Unaenda wapi? Hujamaliza chai," mdogo wangu alisema.

"Nakwenda kumtafutia mwanao kiti."

Kesho yake asubuhi nilimvamia fundi wa vipimo, kijana mrefu mpole ambaye karakana inamwita Nyaya. Nilimkuta amelikumbatia sanduku mojawapo, analifuta vumbi.

"Hili ulilifunga kwa mkanda gani?"

"Ule ule wa gari. Yale ya majaribio yote yalikuwa na mwili wa Wa Baridi."

"Kamili, au wa kiunoni?"

Akajikuna kidevu. "Mwanzo tuliupitisha wa begani nyuma yake, ukabaki wa kiunoni tu, ili iwe rahisi kulifungua. Breki kali ya kwanza likainama mbele, likajigonga, kona hii ikapasuka. Ona. Tangu hapo tukalifunga mkanda kam..." Alinitazama, akalitazama sanduku. "Mama Viti, usiniangalie hivyo."

"Sikuangalii wewe. Naangalia hiyo kona."

Sasa hoja nilikuwa nayo, lakini nilimjua Kalenda. Angesikiliza, angesikitika kwa dhati, kisha angesema muda hakuna. Kwa hiyo nilijifunga kibwebwe nimjibu kwa vyuma. Fremu ya kiti cha Wa Baridi ilikuwa tayari inatengenezwa, na ndani yake kuna mahali pa mkanda kamili wa katikati. Ukitoa nyaya za kupasha joto, ni fremu tu kama nyingine. Swali lilikuwa kama itakubali kukaa katika mwili wa Wa Nyumbani.

Ilikubali kuingia. Haikukubali kuvutwa. Tuliifunga kwenye sakafu ya Wa Nyumbani, tukaushika mkanda kwa mashine inayovuta kama gari limegonga ukuta, na bolti moja ikang'oka na kipande cha sakafu. Mlio wake uliwatoa watu ofisini. Sakafu ya Wa Nyumbani ilikuwa imekatwa kidogo ili springi ngumu zipate nafasi, na hapo ndipo palipokuwa pamedhoofika.

"Basi," alisema Nyaya taratibu. "Tumejaribu."

"Nani amekwambia tumejaribu? Tumeanza."

Tukakata bati nene, tukaliunganisha chini ya sakafu kwa kuchomelea, tukavuta tena. Likapinda. Tukabadilisha umbo lake, tukalipa mbavu mbili, tukavuta. Mikono yangu ilinuka moshi wa kuchomelea wiki nzima, na nyumbani mume wangu akaacha kuuliza lini nitarudi, akawa anauliza tu kama nimekula. Mama mshonaji wa vitambaa vya viti alikuja akaipapasa ile fremu, ambayo ina nundu juu, mahali mkanda unapotokea. Kitambaa cha zamani kisingelala sawa.

"Kitambaa niachie mimi," alisema. "Wewe kapambane na hao wanaume wako."

Tulipovuta mara ya mwisho, mashine iliguna, mkanda ukakaza kama kamba ya ngoma, na sakafu ikatulia. Nyaya alirukaruka. Mimi niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Siku ya kutia saini, ukumbi ulijaa. Kiti cha nyuma cha Wa Nyumbani, chenye mkanda wa kiunoni katikati, kilikuwa kimewekwa mbele kama bwana harusi. Zamu yangu ilipofika nilimwita Nyaya, akaingia na sanduku mikononi. Nililiweka katikati, nikalifunga ule mkanda wa kiunoni.

"Mnamtambua huyu?" niliuliza. "Huyu ndiye abiria wenu wa katikati. Yeye na ndugu zake wamesafiri na kila familia, kila safari, hawajabaki nyumbani hata mara moja. Ndiyo maana hamkumwona mtu mwingine pale."

Minong'ono ikaanza. Kalenda aliinua mkono. "Unataka kusema vipimo vilikosea?"

"Vipimo havikukosea. Vilisema kiti hakina mtu, na kweli hakikuwa na mtu. Nafasi ya mtu tulikuwa tumeichukua sisi. Nyaya, waambie kwa nini hili lina ufa."

Nyaya akawaambia. Aliongea kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umetulia. Alipomaliza nikausukuma ule upande wa juu wa sanduku kwa kidole kimoja. Likainama mbele, mkanda wa kiunoni umelishika chini, kona yake yenye ufa ikining'inia.

"Sanduku lilipasuka kona, tukalipa mkanda kamili siku ile ile," nilisema. "Mtoto wa mdogo wangu mnasubiri apasuke nini?"



Mhasibu wa mradi alikohoa. "Sisi pia tuliazimwa gari. Tulikuwa tunamwacha mama mkwe."

"Akasemaje?" mtu akauliza.

"Hajasema neno na mimi mpaka leo."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata mimi nikacheka. Kalenda hakucheka. Alikuwa anaitazama ile kona. Kicheko kilipokwisha alisema, polepole, kama mtu anayejisomea:

"Mjukuu wangu alipakatwa. Binti yangu alikuwa ameketi dirishani, amempakata, na katikati lipo hilo sanduku. Nilikuwa naendesha mimi. Nikasema moyoni, si mbali." Alivua miwani. "Lakini Mama Viti, vyuma vinakatwa mwisho wa mwezi. Siwezi kusogeza siku, wakubwa hawatanielewa."

"Usisogeze hata siku moja. Fremu ya Wa Baridi inaingia. Sakafu tumeiwekea bati, tumevuta, imeshika. Ukitaka kuona, mashine ipo hapo nje, njoo uvute mwenyewe."

Alivaa miwani tena. Alisimama, akatoka nje, na ukumbi mzima ukamfuata. Tulivuta mbele yake. Alipiga magoti na suti yake ile ile, akaingiza kichwa chini ya gari, akapapasa bati letu mbavu kwa mbavu. Aliporudi juu alikuwa na doa la grisi kwenye paji la uso, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Wa kiunoni futeni," alisema. "Watatu wote wafungwe sawa."

Magari ya kwanza ya Wa Nyumbani yalipotoka kiwandani, mdogo wangu na mumewe walikuwa miongoni mwa walionunua. Nilikwenda siku waliyolipeleka gari lao nyumbani, kwa kisingizio cha kukagua viti. Shemeji alilizunguka akiligongagonga magurudumu kwa kiatu, kama wafanyavyo wanaume wasiojua wanatafuta nini. Wale watoto wawili waliingia kwa kelele, kila mmoja na dirisha lake. Mdogo wangu akaketi mbele.

Kifungo alibaki amesimama kando ya mlango. Aliinua mkono akaanza kutupungia.

Mdogo wangu alijiziba mdomo. Nilichuchumaa mbele ya mtoto, nikaushusha ule mkono taratibu.

"Leo hubaki. Panda."

Alichungulia ndani kwa mashaka. "Sanduku liko wapi?"

"Limeshuka."

Alifikiri kidogo. Kisha akapanda kwa magoti, akapenya hadi katikati, nami nikamweka juu ya kiti kidogo cha kumwinua mtoto, nikauvuta mkanda kutoka kwenye ile nundu aliyoivisha kitambaa mama mshonaji, nikaupitisha begani na kiunoni. Alinizuia mkono. Alitaka kuufunga mwenyewe, na akahangaika nao, ulimi nje, hadi ulipolia tik.

Halafu akawageukia kaka na dada yake.

"Sogeeni," alisema.