Polepole, Yumo Anaandika

"Profesa, mtu akisahau kila kitu," msichana wa mstari wa nyuma aliuliza, "yule aliyekuwepo mwanzo anakuwa ameenda wapi?"

Mama Nafsi hakuhitaji kufikiri. Wanafunzi walimpachika jina hilo zamani, kwa sababu ya somo lake la nafsi na mwili, likamganda mpaka walimu wenzake nao wakalizoea. Kila mwaka hakukosekana wa kuuliza swali lile, na kila mwaka alijibu vilevile.

"Hajaenda popote," alisema. "Hayupo tena wa kwenda."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwa kawaida alikipenda kicheko kile. Leo, siku ya mhadhara wake wa kuaga, kilimchoma. Msichana hakucheka. Alikuwa bado ameinua kalamu, akingoja sentensi ya pili, nayo haikuja.

Maisha yake yote ya chuo aliyajenga juu ya hoja moja. Wanafalsafa wa karne ya kumi na saba walibishana sana: ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe yuleyule wa jana? Mwili? Roho? Au kumbukumbu zilizoshikana kama pete za mnyororo? Yeye alichagua kumbukumbu. Mnyororo ukikatika, aliandika akiwa kijana, mtu amekoma, hata kama moyo unadunda. Makala ile ilimpa kazi, ikampandisha cheo, ikamzungusha kwenye makongamano ya nchi ambazo hakuona zaidi ya viwanja vyake vya ndege. Kitabu kilichopaswa kuifuata hakikuisha. Kila sura aliyoifunga ilizaa nyingine, na nyumbani mlango wa chumba chake cha kazi ulifungwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Walimpigia makofi, wakampa maua. Akawahi nyumbani.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Wifi, mumeo leo kaniamkia! Eti shikamoo, mama. Mimi, niliyemfuata ziwa!" Alicheka, kisha akahamishia mkoba bega la pili. "Haya, amekula. Kuoga ilibidi abembelezwe. Na hayo maua vipi, umeolewa tena?"

"Wamenifukuza kwa heshima."

"Afadhali. Sasa utakaa naye."

Alilisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana lilipenya. Akaenda zake.

Mumewe alikuwa amekaa koridoni kwenye kiti kifupi, mkabala na chumba cha kazi. Alikuwa fundi miwani. Enzi zake alisaga lenzi katika duka dogo nyuma ya posta, na kila miwani aliyowahi kuvaa mkewe ilitoka mikononi mwake. Alipomwona anaingia alisimama, kwa adabu ile anayopewa mgeni.

"Karibu, mama. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

Akamkazia macho. Hakuwa akiuangalia uso, alikuwa akiangalia miwani. Akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo. Unaona kweli na uchafu wote huu?"

Aliipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la shati, miduara midogo kutoka katikati kwenda pembeni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kufumba jicho moja. Asubuhi vidole hivyohivyo vilikuwa vimeshindwa na kifungo.

"Kazi safi. Nani alikutengenezea?"

"Mume wangu."

"Anajua kazi huyo bwana. Mwambie nimesema."

Profesa akacheka bila kutaka, kwa sauti. Mzee akaweka kidole mdomoni haraka, akaonyesha mlango kwa kichwa.

"Polepole, mama. Mke wangu yumo, anaandika."

Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na meza, vumbi, na vitabu vilivyopangwa mpaka dirishani.

"Anaandika nini?" alimuuliza kwa kunong'ona.

"Kitu kikubwa. Habari za nafsi za watu, sijui." Akainua mabega. "Nilimuuliza, akasema baadaye. Basi mimi hukaa hapa. Watoto nawatoa nje wakacheze, redio naizima. Akitoka kwenda jikoni namwona."

"Unamwona tu?"

"Hupita mbiombio. Lakini namwona."

Profesa alijaribu kukumbuka. Zilimjia sura za kitabu, mabishano, hata tanbihi aliyoiandika na kuifuta na kuiandika tena. Ulimjia ukimya wa nyumba, ambao siku zote aliuchukulia kama hewa, kitu kilichopo tu. Kiti cha koridoni hakikumjia. Alifumba macho, akatembea kichwani kutoka mezani hadi jikoni, na njiani hakumkuta mtu.

"Na hukuchoka?"

"Nichoke kwa nini? Si amesema baadaye."

Alitaka kusema, ni mimi. Lakini alishawahi kusema hivyo, siku chache zilizopita, na mumewe akaingiwa na hofu, akalia.

"Naweza kukueleza mimi anachoandika," alisema. "Nakijua kidogo."

Mzee alifikiri, kisha akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayekataa zawadi isiyo yake.

"Hapana, mama. Usije ukamharibia. Tumsubiri, akitoka atatueleza mwenyewe."

Basi Profesa akaleta stuli, akakaa kando yake. Wifi alikuwa ameacha chupa ya chai na vikombe kwenye sinia. Mumewe alimimina taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, asimwage hata tone. Alimpa mgeni kikombe, akachukua chake. Cha tatu alikifunika kwa kisahani, akainama kwa tabu na kukiweka chini kando ya mlango, upande ambao hakingepigwa teke na mtu anayetoka kwa haraka.