Filimbi ya Udongo kwa Bwana wa Pepo

Mfinyanzi alikuwa hajawahi kukanyaga hekalu la mungu wa watu wengine. Kwao kulikuwa na Bibi wa Tanuri, na Bibi alimtosha. Kila chungu kilichotoka motoni kizima kilikuwa jibu lake. Na kama kulikuwa na mungu ambaye wafinyanzi wa kwao hawakupenda hata kumtaja, basi ni Bwana wa Pepo, maana upepo ukiliingia tanuri, kazi ya mwezi mzima hugeuka vigae.

Sasa yuko ugenini, safari ya siku tisa, na mji mzima ni wa Bwana huyohuyo. Wifi yake, dada wa mumewe, aliolewa huku. Alimkuta ameketi kitandani, ameegemezwa mito mitatu, kifua kimembana, kila pumzi inatoka kwa kuvutwa kama kamba kisimani. Miezi miwili alikuwa hajaweza kulala chali. Waganga walikuja, wakaenda.

"Kaniombee hekaluni," wifi akasema. "Mimi pumzi ya kuombea sina. Wewe mdomo unao."

"Mdomo wangu una mwenyewe, wifi. Bibi akisikia?"

"Unaona? Hata na mgonjwa unabishana." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Mfinyanzi akamshika mgongo mpaka kikapita. Walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi, miaka ishirini na minne. Sasa vidole vya Mfinyanzi viliweza kuhesabu mbavu za wifi, moja moja. Hakubisha tena.

Hekalu lilikuwa juu ya kilima, halina paa. Kuta zake nne zilitobolewa matundu mamia kwa mamia, na kati ya ukuta na ukuta zilipita kamba. Kambani vilining'inia mianzi, pembe, shingo za chupa, birika lisilo na kitako, hata mpini wa jembe uliotobolewa. Upepo ulikuwa umetulia. Vitu vyote hivyo vilinyamaza kwa pamoja, na kimya hicho kilimfanya Mfinyanzi asimame kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo, mama," ikatoka sauti juu. Msichana aliyekunja mikono ya nguo mpaka kwenye viwiko alikuwa kwenye ngazi, anakaza mafundo. Ndiye mtunza hekalu.

"Marahaba. Mimi si wa kwenu, mwanangu."

"Najua. Wa kwetu hawasimami mlangoni."

"Nina mungu wangu."

"Ingia naye. Hapa hatumwambii mtu amwache mungu wake nje kama viatu."

"Na nikiomba hapa, sitakuwa nimemkosea?"

Msichana akashuka ngazi taratibu. "Hilo mama, muulize mwenyewe. Mimi najua la upande huu tu. Anayeomba pumzi huleta kitu chenye tundu alichokitengeneza kwa mkono wake, Bwana apate pa kupitia."

Mfinyanzi akarudi, akachimba udongo nyuma ya nyumba ya wifi, akaukanda, akafinyanga filimbi ndogo kama yai. Wifi alikuwa akimtazama kutoka dirishani.

"Usiniletee yenye ufa," akasema. "Isije ikawa mfinyanzi hulia gaeni mpaka hekaluni."

Ilipokauka, akajenga tanuri dogo la matofali uani, akapiga magoti. "Bibi, nisamehe au nisaidie. Lolote utakalo kati ya hayo." Akawasha.

Moto ulipokolea tu, upepo ukainuka. Ulishuka kutoka kilimani moja kwa moja, ukaingia uani kama mtu anayejua njia. Mikono ya Mfinyanzi ikakimbilia nguo yake ya mabegani ili aukinge, jinsi alivyofundishwa na mama yake. Akaishika nguo. Akamtazama wifi pale dirishani, mdomo wazi, akitafuta hewa.

Akaiweka nguo chini.

Upepo ukaingia tanurini. Moto ukanguruma, ukageuka mweupe, na matofali yakaanza kuvuma kwa sauti nzito iliyomtetemesha meno. Hakukimbia. Alilia, lakini hakukimbia.

Majivu yalipopoa akaitoa filimbi. Ilikuwa nzima, na rangi yake hajawahi kuiona katika maisha yake ya kazi: buluu iliyoiva, inayobadilika mwangani kama shingo ya njiwa. Akaishika kwa mikono miwili, akashindwa kumwita mtu.

Siku ya pili shemeji alimbeba mkewe mgongoni mpaka kileleni. Mfinyanzi akapanda ngazi, akaifunga filimbi, akashuka. Wakangoja. Kwanza yakalia matundu ya ukutani. Kisha mianzi, pembe, chupa na birika, mpaka sakafu ikawa inatetemeka. Halafu, mara moja, vyote vikanyamaza, ikabaki filimbi ya udongo peke yake, na sauti yake ilikuwa ileile ya tanuri. Shingoni pa Mfinyanzi ikapita hewa ya moto, ya moto kama mdomo wa tanuri lake la nyumbani. Akajua ni nani. Hakuthubutu kugeuka.

Wifi akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Akavuta nyingine. Kisha akajinyoosha sakafuni, chali, akasinzia.

"Amekufa!" shemeji akaruka.

"Amelala, baba," msichana akanong'ona. "Muacheni."

Kifua cha wifi hakikupona chote. Siku za vumbi kilimbana bado, ila kitandani ulibaki mto mmoja tu. Mfinyanzi alikaa siku kumi na moja zaidi, na kila asubuhi alipanda kilimani na kumwomba Bwana wa Pepo kwa maneno ya Bibi wa Tanuri, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyajua.

Aliporudi kwao, jambo la kwanza alilofanya ni kutoboa dirisha dogo katika tanuri lake. Wafinyanzi wenzake wakasema safari imemharibu akili. Alipolifungua tanuri mara ya kwanza, walikuja kumcheka. Wakasimama palepale mlangoni, wakiangalia vyungu vya buluu.