Karatasi za Kopo la Vifungo

Mafundi kumi na watatu wa karakana walipiga kura wakati wa chai. Kila mmoja aliandika jina moja kwenye kipande cha karatasi na kukitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Walikuwa wanachagua mkataji wa vitambaa, wa kushika mkasi ulioachwa na marehemu mama wa ndugu wawili wa hapo hapo, dada mkubwa na mdogo wake.

Dada alijua kukata. Hilo hakuna aliyelibishia. Mdogo alijiandikisha kugombea siku ya mwisho, baada ya kusikia fundi wa mashati akisema, "Huyu dada akikata ni mama yake mtupu."

Mtunza stoo alihesabu. Mpiga pasi, tano. Dada, nne. Mdogo, nne.

"Mpiga pasi amepita."

"Yule hata futi hajui kuisoma!" alisema fundi wa mashati. "Jamani, tutashona suruali za miguu mitatu."

Walikuwa bado wanacheka karatasi zilipoanza kusema, kila moja kwa sauti ya mwandishi wake. Mtunza stoo alisogeza kikombe chake zisilowe. Tano za mpiga pasi zilisema chaguo lao la pili ni dada. Nne za dada zilimtaja mdogo. Za mdogo, tatu zilimtaja dada. Ya nne ilijikohoza kwanza.

"Wa pili, mpiga pasi. Yeyote, mradi asiwe dada."

Mdogo aliinama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

"Wa pili, yangu ilikutaja wewe, mdogo wangu," dada alisema.

Fundi wa mashati alihesabu kwa vidole. "Wangeshindana wawili wawili, dada angemshinda mpiga pasi saba kwa sita. Na mdogo wake, tisa kwa nne."

"Kura huhesabiwa, haihojiwi," alisema mtunza stoo, akafunika kopo. Sauti ziliendelea humo ndani, chini chini.

Mpiga pasi alikata kitambaa cha kwanza kikaenda upande. Dada alikipokea, akakivutavuta na kukishona hadi kikakaa sawa, na watu wakaacha mashine zao kuja kutazama.

Mdogo hakwenda kutazama. Alikwenda stoo, kwenye daftari la wagombea wa mwaka ujao. Jina la dada lilikuwa limeshaandikwa. Akaomba kalamu aongeze lake.